Ngoma ya Nane

Kwanza ngoma huota moto.
Tunazilaza kuzunguka mabua ya uwele yanayowaka,
nyuso zimeelekea miali,
kama wagonjwa wangu wa asubuhi wenye homa
wanaong'ang'ania jua la ukutani.
Sechelela huzipima kwa kidole cha kati.
Bado, anasema. Bado. Hii tayari.
Ngozi iliyolegea husema uongo.

Tulikuwa wanane.
Tukawa saba mwezi wa Machi, Mbeleje alipoondoka
akaacha ngoma yenye ufa ulioshonwa kwa waya
na alama mbili nyeusi ubavuni,
pale mapaja yake yalipoibana miaka thelathini.
Leo nimepewa mimi.
Mapaja yangu hayazifikii alama zake.

Mimi ni mtu wa kuhesabu.
Zahanati ya Ilolo nahesabu mapigo ya watoto,
mia na ishirini, mia na arobaini,
saa mkononi, midomo ikicheza.
Nikaanza kuhesabu na hapa,
nikakosea.
"Muuguzi," Foibe akasema, "acha kuipima. Haiumwi."
Wakacheka wote, hata Damari
ambaye siku hizi hacheki.

Damari na Sechelela hawasalimiani tangu mavuno.
Laki moja na themanini elfu za kikoba,
mbuzi wawili waliochukuliwa usiku badala ya riba,
na neno moja lililosemwa kisimani mbele za watu;
neno lile silirudii.
Kanisani kila mmoja ana dirisha lake.
Kwenye foleni ya maji ndoo zao huachiana
nafasi ya kupita punda na mzigo.
Lakini ngoma ya Sechelela ndiyo inayouliza
na ya Damari ndiyo inayojibu.
Mama zao waliziacha hivyo,
na hakuna aliyethubutu kuzibadili.

Basi Sechelela akauliza.
*Ti.*
Baada ya *ti* kuna shimo dogo,
la kuingia kiganja kimoja.
Damari, macho yake kwenye zizi la jirani, akaliziba.
*Ti, ndu. Ti, ndu.*
Akakopa, akalipwa. Akakopa, akalipwa,
papo hapo, bila daftari, bila shahidi.
Ngoma ya tatu ikaingia kwa bega,
ya nne, ya tano,
na Foibe akanisukuma kwa goti: ingia.

Sijui niliacha kuhesabu saa ngapi.
Najua vumbi lilikuwa limefika magotini,
na upepo ule wetu usio na adabu
ulinipiga usoni kwa mlio wa njuga
kabla sijaiona miguu ya wachezaji.
Najua mkono wangu wa kushoto ulifanya jambo
ambalo sikuwahi kuufundisha,
na Foibe, ubavuni, akaguna: "Huyo Mbeleje."
Sikugeuka. Niliogopa kugeuka.
Kifuani mwangu mlikuwa na mapigo manane
na la kwangu sikulitambua.

Mungu mimi humwomba kwa ratiba,
alfajiri kabla ya zamu, usiku kabla ya kulala,
naye nimezoea kumtafuta darini.
Jioni ile hakuwa huko.
Alikuwa chini, karibu na majivu ya mabua,
kwenye kale kashimo kati ya pigo na pigo
tulikokaacha wazi, sote wanane,
bila kuambizana.

Tulipokoma, ukimya ulitua kama gunia.
Mbwa akabweka mara moja, akaona haya.
Viganja vyangu vimevimba; kesho
nitashika sindano kama mwanafunzi.

Hawakusalimiana.
Sechelela alifunga ngoma yake kwenye khanga,
Damari akaisukuma yake ndani ya kiroba cha mbolea,
kila mtu na njia yake, ingawa njia ni moja.

Ila giza lilipoingia,
mbele yangu nilimsikia Sechelela
akigonga ndoo tupu kwa ukucha. *Ti.*
Hatua tano. Kumi.
Na nyuma yangu mtu akakohoa,
kama kwa bahati mbaya,
mahali palepale pa *ndu*.